Robo Saa ya Tetea

Benchi la kijiwe chetu ni mlango. Ulikuwa mlango wa chumba changu cha uani mpaka mchwa walipoanza kuula kutoka chini. Nikauangusha, nikaupigilia miguu, nikauweka nje ya ukuta karibu na jiko langu la kahawa, wanaume wapate pa kukalia na mimi nipate wa kuwauzia. Kitasa sikukitoa. Kiko pale katikati, na aliyewahi kukikalia anakijua, ndiyo maana nafasi ile huachiwa wageni. Upande wa ukutani hukaa Fundi Waya, anayetengeneza redio na simu kwenye kibanda cha jirani. Anayefuata ni Dobi, na pasi yake ya mkaa haiko mbali. Mwisho kabisa hukaa Ibara, mstaafu wa mahakamani, aliyekuwa akipiga chapa hukumu za watu na sasa hana wa kuwahukumu ila sisi. Wembe, kinyozi, hakai. Husimama mlangoni kwake ng'ambo ya kichochoro, mashine ya kunyolea mkononi, akimwacha mteja na nusu kichwa ili neno lisimpite. Asubuhi ninayoisimulia, juu ya kitasa alikaa mgeni asiyelalamika. Ilikuwa friji.

Kama friji, ilikwisha kufa zamani. Fundi aliitoa matumbo, akaweka ndani bamba la joto, feni, kipimajoto, na kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, akaigeuza mashine ya kuangulia vifaranga. Akaiita Tetea. Haikuwa yake, ilikuwa ya shemeji yake, mjane wa marehemu kaka yake. Huyu mama alikuwa mshonaji. Macho yalipoanza kukosana na tundu la sindano, alibadilisha cherehani yake kwa trei za mayai ya kuku wa mbegu nzuri, na aliyemshawishi ni Fundi mwenyewe. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alimwambia kuku huchoka, kuku hutishwa na paka, kuku hususa, mashine haisusi.

Sasa mayai yalikuwa yamebakiza siku moja au mbili kupasuka, na tangu alfajiri Tetea ilikuwa imesusa. Shemeji mtu alilala kwa binti yake, kurudi ni mchana. Mayai tuliyaweka kwenye beseni la Dobi, tukayafunika kwa shuka la mteja wake, tukalisogeza beseni kwenye jiko langu.

Nisimwonee Fundi. Kazi yenyewe ilikuwa ya watu waliosoma, na yeye kaipata kwa kuchokonoa. Alitueleza mara nyingi hata mimi niliyeishia shule ya msingi nikashika. Kompyuta ile ikiwashwa haijui hata jina lake. Ni kama mtu aliyezinduka katika nyumba ya ugenini, hajui mlango uko wapi wala mwenye nyumba ni nani. Kwa hiyo kuna programu ndogo inayotangulia kuamka, Fundi huiita mwamshaji, nayo husoma maagizo: wewe ni fulani, ngoja kiasi hiki, kisha fanya hili, kisha lile. Zamani maagizo hayo yalishindiliwa ndani ya programu yenyewe, yamezingirwa na alama za ajabu ajabu, mtu akikosea moja basi. Siku hizi yanaandikwa kwenye faili la maandishi matupu. Mstari mmoja, jambo moja: jina upande huu, alama ya sawa katikati, thamani upande wa pili. Hakuna rangi, hakuna herufi nene, hakuna urembo.

Ubaya ulianzia hapo. Faili la maandishi matupu, kila ajuaye kusoma hujiona fundi.

Siku moja kabla, umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, unakatika tena, kama mtu anayesahau vitu ndani ya nyumba. Kila uliporudi, Tetea iliamka kwa pupa ikakatikiwa njiani. Fundi akakaa hapa benchini, kompyuta yake mapajani, faili liko wazi, na kijiwe kikatoa ushauri. Ibara akasema haiwezekani mstari ukaachwa bila nukta mwishoni, yeye hajawahi kuona. Fundi akaweka nukta, kwa heshima ya mvi. Dobi akasema haraka haraka haina baraka, mashine ingoje kwanza umeme utulie. Ingoje kiasi gani? Robo saa. Hata pasi yake, akasema, haigusi nguo ya mtu kabla mkaa haujatulia. Hilo lilikuwa na akili, na Fundi akaandika robo saa kwenye mstari wa kungoja. Wembe alitaka iandikwe na dua fupi. Fundi akamwambia mahali pa kuandika maelezo papo, lakini mashine huyaruka bila kuyasoma. Wembe akajibu kwamba dua haikuandikiwa mashine.

Alfajiri umeme ukakatika, ukarudi, na Tetea haikuamka.

— Inaandika sentensi ileile, halafu kimya, Fundi alisema.

Ibara alivaa miwani. Kompyuta ya Fundi, aliyoiunganisha na Tetea kwa waya ili asome inachoandika, kioo chake kimekufa upande wa kulia, kwa hiyo maneno huonekana nusu, mengine yamemezwa na giza.

— Imeandika nini?

— Kwamba inataka kuanza. Anayetaka kuizuia aguse kitufe chochote.

— Sasa mbona haianzi?

— Ndilo ninalouliza na mimi, mzee.

Akangoja kiasi cha mtu kumaliza kikombe kimoja, kisha akabonyeza kitufe ili aingie ndani aone ina nini. Ikamjibu vizuri tu, maagizo yote yapo. Akaizima, akaiwasha upya. Sentensi ileile. Akangoja, akabonyeza.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, Wembe akasema kutoka ng'ambo. Angalia waya.

— Methali hiyo haihusu waya.

— Kamba ni nini, Ibara, kama si waya wa maskini?

Fundi akaiwasha upya, waya zikaangaliwa, zote. Moja ilikuwa imelegea, lakini ilikuwa ya taa ya mlangoni. Walipokuwa wakizifuata kwa vidole, mkono wa koti la Ibara uliburura juu ya vitufe na mashine ikasimama tena. Fundi akaizima, akaiwasha. Sentensi ileile.

Hapo Ibara akataka asomewe faili kutoka juu, kama hati ya mashitaka. Fundi akasoma. Mstari wa kwanza ulikuwa wa jina.

— Jina, sawa, tetea.

— Tetea nani?

— Tetea, mzee. Kuku jike.

— Maandishi hayasemi kuku. Kwa mujibu wa maandishi umetoa amri: tetea. Hujamtaja mshitakiwa, hujaeleza kosa. Nimekaa mahakamani maisha yangu yote, na wakili aliyeletwa namna hiyo hukaa kimya vilevile.

Dobi akacheka mpaka beseni likatikisika, nikampiga kofi la bega. Fundi hakucheka. Alikuwa amekiinamia kioo.

— Mzee, hii nukta ni yako.

— Ni yangu. Sentensi haiachwi wazi kama choo cha shule.

— Mashine hii haina adabu hizo. Ukiweka nukta inaila. Sasa haiitwi tetea, inaitwa tetea-na-nukta, na maagizo ya mtu wa jina hilo hayapo.

Ibara akavua miwani, akaipangusa ilhali ilikuwa safi. Sote tukafurahi kwa siri, maana kosa lilikuwa limepata mwenyewe. Nukta zikaondolewa moja moja, kama mtu anayemtoa mtoto chawa. Tetea ikawashwa. Dobi akaomba kahawa, nikammiminia, akanywa, nikakiosha kikombe. Sentensi ileile. Kidole cha Fundi kikatembea chenyewe mpaka kwenye kitufe.

Nikaingiza mkono kwenye beseni. Mayai ya juu yalikuwa yamepoa kama vyungu vilivyolala nje, na ya upande wa jiko yana moto kupita kiasi. Jiko halijui kulalia. Wembe akauliza kwa nini bamba la joto lisiunganishwe na umeme moja kwa moja. Fundi akamjibu kwamba bila kompyuta ya kulizuia, vifaranga vitachemka kabla ya kuzaliwa.

— Wanaume wanne, makwapa manane, nikawaambia. Gawaneni.

Waliona natania. Nikayagawa mimi. Dobi nilimjaza makwapa yote mawili na fulana akaichomeka. Ibara nilimpangia mifuko ya ndani ya koti lake la mahakamani, lile asilolivua hata jua likiwaka, na leo kwa mara ya kwanza nikaona faida yake. Wembe alipewa yake, na mteja wake wa nusu kichwa, mtu asiyejua lolote, akashikishwa lake moja. Fundi aliyapakata kwenye shati. Yaliyobaki nikayaacha kwenye beseni, nikawa nayageuza.

Wakati nikimwekea la mwisho, Fundi akaniambia taratibu wenzake wasisikie.

— Bi Mkubwa, nitamwambia nini?

— Mwambie imesusa.

— Nilimwambia haisusi.

Nikarudi kwenye jiko.

Nani alikumbuka ile robo saa? Dobi, na nampa haki yake. Aliuliza kama si yale maagizo ya kungoja yaliyoleta balaa, na kwa kuwa yalikuwa yake aliuliza kwa sauti ndogo. Fundi akatikisa kichwa. Mistari mingine yote aliishuku, huo wa subira hakuugusa.

— Subira haijaua mtu. Na tena tuko hapa tangu alfajiri, robo saa imepita mara ngapi?

Dobi uso ukamtakata.

— Kweli. Haba na haba hujaza kibaba. Dakika tano pale, dakika saba hapa, kibaba kimejaa zamani.

Ibara akaafiki. Akasema hata kifungo huhesabiwa hivyo, siku za mahabusu zikajumlishwa. Basi hoja ikafungwa, imepigwa mhuri na mahakama na methali.

Ikabaki zamu ya Wembe, na Wembe huwa hatoi dogo. Alisema tunahangaika na maandishi wakati mwenye tabu ni friji. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kitu kilicholelewa kwenye baridi, kimegandisha samaki miaka na miaka, leo unakivika umama unakiambia kiatamie. Kina aibu.

— Haya, na dawa yake? Dobi akauliza, mikono imebanwa mbavuni kama askari wa gwaride.

— Kionyeshwe njia. Kifanyiwe sauti ya kuku.

Na akaifanya. Akalia pale mlangoni kwake kama kuku aliyetoka kutaga, mteja wake ameduwaa na yai mkononi. Ibara akasema sheria haiitambui sauti hiyo, lakini nilimwona akiitazama friji, akingoja. Hata mimi niliitazama. Mtu akiishiwa akili haoni tena haya ya kutumia za Wembe.

Fundi alikuwa ameshaanza kuizima na kuiwasha bila hata kuwaza. Anawasha, anangoja, anabonyeza, anachungulia, anazima. Jasho lilikuwa likimdondokea kwenye vitufe, na sina hakika kama jasho nalo halikubonyeza.

Ndipo shemeji mtu akatokea kwenye kona ya kichochoro. Begani alikuwa na mfuko wa chakula cha vifaranga.

Akatusalimu, hamjambo wazee wangu. Tukamjibu tukiwa tumekaa. Hakuna aliyenyanyuka, maana mwenye mayai makwapani hanyanyuki, na Ibara, ambaye hawezi kumwona mwanamke akaacha kumpa mkono, alimpa kichwa tu. Mama akaitazama friji iliyo wazi, ndani tupu. Akamtazama shemeji yake.

— Shemeji, mayai yangu yako wapi?

Dobi akainua kwapa kidogo.

Hakupiga kelele. Angepiga, ingetusaidia. Aliushusha mfuko, akapita kwa kila mtu, mmoja mmoja, akitia mkono na kupapasa kama daktari anayekagua wodi. Kwa Dobi, kwa Ibara mifuko yote, akavuka kichochoro mpaka kwa Wembe na mteja. Akarudi kwa Fundi. Fundi akaanza kumweleza: umeme, mwamshaji, faili, alama ya sawa, nukta za Ibara, waya uliolegea. Alieleza kwa kasi ya mtu anayejua kwamba akinyamaza ataulizwa. Mama alimsikiliza akiyatazama maneno kwenye kile kioo kibovu. Sentensi ileile ilikuwa imesimama pale. Na Fundi, huku mdomo unaeleza, kidole kilikuwa kikienda kwenye kitufe.

Mama akamshika mkono.

— Unataka kufanya nini?

— Kuizuia kidogo, niangalie ndani.

— Kwani shemeji, usipoigusa inafanyaje?

Ibara alifungua kinywa kutafuta kifungu, hakukiona, akakifunga. Dobi akazitazama ndala zake. Wembe akazima mashine ya kunyolea, na kabla ya hapo sikuwa nimejua kwamba ilikuwa ikinguruma muda wote. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejua. Tangu alfajiri hakuna aliyeiacha. Kibaba cha Dobi kilikuwa kikimwagwa kila kilipokaribia kujaa, kikaanza upya, na sisi tukikihesabu kama kimejaa. Mashine ilikuwa ikingoja robo saa yake kama ilivyoagizwa, na sisi tulioiagiza ndio tulioikatiza.

Fundi akaielewa kabla yetu. Nilimwona usoni, hakuwa na haja ya kusema. Aliizima, akaiwasha kwa mara moja zaidi, akaiweka kompyuta yake chini, mbali na kila mkono, kisha akaikalia mikono yake mwenyewe.

Tukangoja. Mama aliketi juu ya mfuko wa chakula cha vifaranga, mgongo ameuegemeza kwenye ubavu wa friji, mayai ya Fundi kayahamishia kwenye khanga yake. Mtu asikwambie robo saa ni fupi. Dobi aliuliza kama imefika, Ibara akamwambia anyamaze, Wembe naye akauliza, Ibara akasema akiulizwa tena ataliacha yai lianguke. Mimi niliwamiminia kahawa iliyobaki ili midomo ipate kazi. Birika lilipokauka nikachota mkaa wote, nikausogeza kwenye beseni.

Wakati fulani mama alisema, bila kumtazama mtu, kwamba cherehani ile aliipenda lakini ilikuwa na kelele. Fundi akasema anajua. Basi.

Halafu ndani ya friji kitu kikasema ta. Feni ikakohoa, ikazunguka, taa nyekundu ikawaka. Hakuna aliyeshangilia. Mama aliingiza mkono, akaukalisha mle ndani kitambo, akautoa, akaupitisha shavuni mwake.

Akaanza kuyakusanya. Kila yai alilimulika kwa tochi ya simu, akilikinga kwa kiganja. Lililotikisika ndani liliingia kwenye trei, lililokuwa kimya aliliweka pembeni kwenye ubao wa benchi. Sitawadanganya, pale benchini palijipanga mstari. Hakuna aliyeuhesabu. Fundi alikuwa akilipokea kila moja lililokataa na kuliweka yeye mwenyewe, polepole, kama linaweza kuumia. Lakini trei iliyokuwa ikijaa ilijaa kwa kasi zaidi ya mstari, na mama uso ukaanza kumlegea.

Ilipofika zamu ya Ibara, alitoa yote, akabakiza mkono kifuani.

— Mzee, bado moja.

— Hili linanigonga, Ibara akasema.

Mama akainama, akaweka sikio kwenye koti la mahakamani. Likagonga tena, hata mimi niliona kitambaa kikicheza.

— Mpe dhamana basi, nikamwambia. Umelishikilia bila kosa.

Akalitoa kwa mikono miwili. Lilikuwa na ufa kama unywele.

Mlango wa Tetea ulipofungwa, Fundi akaichukua kompyuta yake na kulifungua lile faili. Akasema ataupunguza ule mstari wa kungoja sasa hivi, aweke sekunde chache tu, balaa hili lisirudi. Mama alikuwa akijifunga khanga upya.

— Uache ulivyo. Umeme bado ni uleule. Cha kupunguza ni vidole.

Fundi akalifunga faili. Dobi akajinyoosha mikono kwa uchungu, akatabasamu kwa kuwa ushauri wake umeshinda rufaa, na kwa mara moja Ibara hakumpinga. Mama akauburuta mfuko wake mpaka kivulini mwa friji, akakaa, hakuonyesha dalili ya kuondoka.

Wembe akaita kutoka mlangoni kwake, nimpe kikombe. Nikaligeuza birika juu chini aone. Akauliza nyingine itakuwa tayari lini. Nikamwambia akiacha kuuliza.